Rangi kazini na vyuoni: majibu ya maswali yenu

Maswali mliyoleta kuhusu usawa wa rangi kwenye ajira na elimu ya juu ni mengi. Nimechagua sita na kuyafupisha. Tafiti nyingi hapa ni za Marekani, kwa kuwa huko ndiko suala hili limepimwa kwa muda mrefu.

Mtu mweusi akinyimwa kazi, tutajuaje kwamba amebaguliwa na si kwamba wenzake walimzidi?

Kwa mtu mmoja mara nyingi hatuwezi kujua. Mwajiri halazimiki kutoa sababu, na akiitoa huenda isiwe ya kweli. Ndiyo maana watafiti hutuma maombi ya kubuni kwa wingi: elimu ile ile, uzoefu ule ule, jina tu ndilo linalobadilika. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maombi karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wenye majina kama Emily na Greg walitafutwa na mwajiri mara moja katika kila maombi 10. Wenye majina kama Lakisha na Jamal, yanayohusishwa na Wamarekani weusi, mara moja katika kila maombi 15. Hapo huwezi kusema "walimzidi", maana sifa ziligawiwa kwa bahati nasibu.

Devah Pager alikwenda mbali zaidi. Aliwatuma vijana wenyewe kuomba kazi mjini Milwaukee, wengine wakijitambulisha kama watu waliowahi kufungwa. Katika matokeo ya mwaka 2003, mzungu mwenye rekodi ya kifungo aliitwa kwa asilimia 17 ya maombi. Mweusi asiye na rekodi yoyote, asilimia 14. Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi na bado zinanikera.

Tena si mambo yaliyopita. Mwaka 2017 Lincoln Quillian na wenzake walijumlisha majaribio ya aina hii yaliyofanywa tangu 1989, na hawakuona dalili kwamba ubaguzi dhidi ya waombaji weusi umepungua. Jaribio jingine kubwa, la maombi kama 83,000 kwa makampuni 108, liligundua kwamba karibu nusu ya nafasi walizopoteza weusi zilitokana na moja ya tano tu ya makampuni hayo. Hilo linanipa matumaini: yapo makampuni makubwa, katika nchi hiyo hiyo, yanayoajiri karibu bila kubagua.

Jina langu linanitambulisha mara moja. Rafiki ananishauri nilifupishe, na nifute chama cha wanafunzi weusi nilichokiongoza. Nifanye hivyo?

Ndugu yangu, rafiki yako hajakosea kuhusu soko. Sonia Kang na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba waombaji weusi walioficha dalili za asili yao kwenye wasifu walijibiwa kwa asilimia 25, dhidi ya 10 kwa wasioficha. Kwa waombaji wenye asili ya Asia ilikuwa 21 dhidi ya 11.5. La kusikitisha zaidi ni kwamba waajiri waliotangaza kuwa wanathamini utofauti walibagua kama wengine tu, ilhali maneno yao yaliwafanya waombaji wajiamini na kuacha kujificha.

Kwa hiyo usiamini tangazo. Tazama ni akina nani wanaoongoza idara, na uliza usaili unaendeshwaje. Chama chako mimi ningekiacha, ila ningekieleza kama uongozi: uliongoza wangapi, ulisimamia fedha kiasi gani. Ukiamua kukiondoa kwa sababu unahitaji mshahara, hakuna mwenye haki ya kukulaumu. Aibu ni ya anayekulazimisha kufanya hivyo.

Mimi ni meneja. Tulifanya semina ya lazima kuhusu utofauti, wote wakahudhuria. Mbona hakuna kilichobadilika?

Kwa sababu semina ikiisha, uamuzi wa nani apandishwe cheo unafanywa vile vile na watu wale wale. Frank Dobbin na Alexandra Kalev walichambua takwimu za miongo mitatu kutoka makampuni zaidi ya 800. Miaka mitano baada ya mafunzo ya lazima, uwiano wa wanawake weusi katika umeneja ulikuwa umeshuka kwa wastani wa asilimia 9. Watu wakisukumwa hugoma. Kilichosaidia ni mipango ya kulea wafanyakazi wachanga kikazi, kuwafuata waombaji waliko, na kumpa mtu maalumu jukumu la kujibu takwimu zisipobadilika.

Anza na usaili: maswali yaandikwe mapema, kila mwombaji aulizwe yale yale, na alama zitolewe kabla ya majadiliano. Kisha hesabu kwa kila idara nani ameomba, ameitwa, ameajiriwa, amepanda, ameondoka.

Kwa nini tusifiche majina tu?

Ufaransa walijaribu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalishangaza: waombaji wenye asili ya uhamiaji waliitwa kwa uchache zaidi. Makampuni yaliyojitolea kushiriki huenda tayari yalikuwa yanawajali, na jina lilipofichwa mwajiri hakujua kwamba pengo kwenye wasifu huenda lilitokana na asili ya mwombaji. Njia hii inafaa mahali penye ubaguzi mkali.

Ni kweli utofauti huongeza faida?

Ripoti za McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, zimesema hivyo tangu 2015. Mwaka 2024 Jeremiah Green na John Hand waliupima uhusiano huo kwa makampuni makubwa ya Marekani wasiuone. Nisingeegemea hoja hiyo. Mtu anastahili kupimwa kwa kazi yake hata kama faida haiongezeki.

Vyuo vikishakatazwa kuangalia rangi katika udahili, nini hutokea?

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza Juni 29, 2023. Huko MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia, wanafunzi weusi walioingia mwaka uliofuata walikuwa asilimia 5, kutoka takriban 13. California ilipiga kura ya katazo kama hilo mwaka 1996. Mtafiti Zachary Bleemer aliwafuatilia waombaji wa vyuo vya jimbo hilo: wa jamii zenye uwakilishi mdogo walisukumwa kwenye vyuo vya hadhi ya chini, wachache zaidi wakahitimu, na mapato yao yakapungua, hasa kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Brazil ilikwenda kinyume: sheria ya 2012 ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho kwa waliosoma shule za umma, na ndani yake sehemu ya weusi, machotara na wenyeji asilia.

Lakini udahili ni mlango mmoja tu. Katherine Milkman, Modupe Akinola na Dolly Chugh waliwaandikia maprofesa zaidi ya 6,500 kama watu wanaotaka kusoma uzamivu, wakiomba dakika chache za mazungumzo. Barua zenye majina ya wanaume wazungu zilijibiwa zaidi kuliko za wanawake na za jamii nyingine zikijumlishwa. Hakuna kamati wala fomu inayosimamia barua pepe ya namna hiyo. Idara inayotaka kuanza mahali inaweza kuanzia hapo: iweke utaratibu mmoja wa kuomba miadi, na mwisho wa muhula itazame nani alijibiwa.