Breki kwanza, injini baadaye: Datsun ya rali niliyoijenga uani Makorora

Nilipoikuta ilikuwa banda la kuku. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja nje kidogo ya Muheza, haina vioo, matairi yamezama udongoni, na kwenye siti ya nyuma mtetea analalia mayai. Niliinama kufuta vumbi nyuma ya buti, nikaona herufi tatu bado zimeng'ang'ania pale: SSS, alama ya Datsun 1600 ya michezo. Nikarudi kibarazani mbio, nikamwamkia mzee upya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Lakini wewe umeshaniamkia. Sema unachotaka."

Alichotaka yeye hakikuwa pesa peke yake. Kuku wake wahamie wapi? Nikamjengea banda jipya, la matofali na wavu, bati juu, ndipo tukakaa kuzungumza bei. Mpaka leo nasema lile banda ndilo kifaa cha bei nafuu kuliko vyote nilivyonunua kwa ajili ya gari hili.

Tangu ianze kuonekana barabarani, vijana wengi wa hapa Tanga wananiuliza waanzie wapi. Naandika yale ambayo mimi sikuwa na wa kuniambia, na mengi ni makosa yangu.

La kwanza ni kadi. Kabla hujashika spana, linganisha namba ya bodi na namba ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, na hakikisha anayekuuzia ndiye mwenye mali au mrithi anayetambulika. Mzee wangu alikuwa na kadi, imekunjwa ndani ya msahafu. Bila hiyo ningekuwa nimenunua chuma chakavu. Na ukija kubadili injini au rangi, nenda ukaandikishe mabadiliko hayo, usisubiri trafiki akukumbushe.

Sasa kwa nini Datsun 1600 SSS? Kwenye baraza letu la kahawa kuna wazee ambao bado wanabishana habari za Safari Rally ya enzi zile, ilipokuwa inakatiza Kenya, Uganda na kwetu. Wapo wa pijo: watakutajia Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda na Chris Rothwell kwa Peugeot 404 mwaka 1966, akarudia 1967. Mimi nipo upande wa Datsun, kwa sababu 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa hiihii 1600 SSS. Lakini mwaka ninaoupenda zaidi ni 1968. Zilianza gari zaidi ya 90, zikafika 7 tu. Aliyetaka kushinda ilibidi kwanza awe na gari la kufika. Ukijenga gari la rali la zamani kwa barabara zetu, hilo ndilo liwe kichwani, farasi wa injini waje nyuma.

Mimi nilifanya kinyume. Nilianza na injini kwa sababu injini ndiyo inayonguruma, na majirani hawaji kutazama mtu anayekwangua kutu. L16, injini ya gari hili, ni nyepesi kuelewa: cc 1,595, pistoni za mm 83, bloku la chuma, hedi ya aluminiamu, kamshafti moja juu inayovutwa kwa cheni. Nikakerezesha silinda Ngamiani, nikaagiza pistoni za ovasaizi na ringi zake, nikafunga metali mpya, nikaiwasha juu ya stendi uani. Watu walijaa. Mama watoto akatoa juisi ya ukwaju.

Kisha nikaanza kazi ya bodi, nikagundua imeoza kuliko nilivyodhani, na injini ikakaa pembeni miezi minane. Ndani yake nilikuwa nimeacha maji ya kisima. Wa Tanga mnajua visima vyetu vya karibu na bahari: chai yake haihitaji chumvi. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Nilipofungua hedi, njia za maji karibu na gasketi zilikuwa zimetafunwa kama muhindi. Hedi nzima nikaitupa. Kwa hiyo: tia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi), au walau maji ya mvua. Na kama injini itakaa, mwaga maji yote, tia oili kidogo kwenye kila silinda, izungushe kwa mkono kila wiki.

Turudi kwenye bodi, pale nilipopaswa kuanzia. Datsun hii haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ikioza chini ya milango au pale shokapu za mbele zinapofungwa, hakuna injini itakayokuokoa. Nunua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwangue rangi, uitembeze gari zima. Inaponata ni bati. Inapoteleza ni puti. Yangu iliteleza sana. Upepo wa bahari ulikuwa umefanya kazi yake, na kinyesi cha kuku, ambacho nilidhani ni uchafu tu, kilikuwa kimekula sakafu ya nyuma mpaka ukiinama unaona majani.

Usikate bati lolote kabla hujapima. Mimi nilifanya hivi: nililiweka gari juu ya stendi nne kwenye sakafu ya saruji, nikalisawazisha, kisha nikashusha timazi, ileile ya waashi, kutoka kwenye matundu ya boliti za sehemu za chini, kushoto na kulia. Kila timazi lilipogusa nikatia alama ya chaki. Ukimaliza, unapima kwa futi kamba kutoka kona hadi kona, kama herufi X. Vipimo viwili vikilingana, bodi imenyooka. Vyangu vilipishana milimita 11, kumbe gari liliwahi kugongwa mbele kulia. Nililivuta kwa mnyororo na jeki dhidi ya mwembe, taratibu, siku tatu. Mwembe umepona.

Kuchomelea bati la unene wa milimita moja kwa mashine ya vijiti ni kutoboa matundu mapya. Azima au kodi mashine ya waya na gesi. Choma sentimita mbili, hamia upande mwingine, rudi baadaye, la sivyo bati litajikunja kwa joto. Na chomoa betri na alternata kabla ya kuanza. Mimi nilichomelea usiku, baada ya saa nne, kwa sababu jioni watu wakiwasha kila kitu umeme wa mtaa wetu unalegea na mashine inatema tu cheche. Shemeji yangu alishika tochi na ndoo ya mchanga.

Kuhusu tangi la petroli neno moja: usilichomelee. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke ndio unaolipuka. Tafuta jingine.

Kizimba cha mabomba ndani ya gari, kile cha kukukinga likipinduka, ndipo watu wanapotaka kuokoa pesa. Fundi mmoja wa mageti aliniletea bomba na kuniapia kwamba hata tembo halikunji. Tukaliweka juu ya mawe mawili, tukalipiga jeki katikati. Likabonyea kabla jeki haijatoa jasho. Kanuni za mashindano za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka upinde mkuu, ule unaopita nyuma ya kichwa chako, uwe bomba lisilo na mshono la mm 45 kwa unene wa mm 2.5, au mm 50 kwa mm 2. Mengine angalau mm 38 kwa 2.5. Miguu ya kizimba isichomelewe moja kwa moja kwenye bati jembamba la sakafu: chini yake kuwe na sahani ya unene wa mm 3 yenye eneo la sentimita za mraba 120 au zaidi. Bomba la namna hiyo nililisubiri miezi. Sikujuta kusubiri. Na tafadhali, kizimba bila mkanda wa kweli na kofia ngumu ni nyundo iliyoning'inizwa karibu na kichwa chako.

Haya, breki.

Mwaka wa tatu gari lilikuwa linatembea. Injini tamu, rangi nyekundu, mimi na kiburi changu. Nikamchukua shemeji, tukapanda Lushoto kupitia Segera, Korogwe na Mombo. Kupanda kulikuwa raha tupu. Kushuka, kama kilomita 33 hadi Mombo, kona juu ya kona, nilikuwa naendesha kama mtu aliyeona rali kwenye televisheni: gesi, breki, gesi, breki. Tulipopita Soni nikasikia harufu ya lining. Kona mbili mbele nikakanyaga pedali, ikaenda mpaka sakafuni bila upinzani wowote, kama kukanyaga mto wa sufi. Mbele yetu lori la kabeji.

Shemeji hakusema neno. Mimi nikarudisha gia ya tatu, ya pili, injini ikapiga kelele, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikaliegemeza gari upande wa mlima, likasuguana na ukingo wa udongo mpaka likasimama. Rangi nyekundu ya upande mzima ilibaki pale.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la shilingi chache. Nilikuwa nimejaza mafuta ya breki kutoka kwenye kopo lililokaa limefunguliwa stoo tangu mwaka wa kwanza. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga ni nusu maji. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205. Ikishakunywa maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Diski zikipata moto kwenye mteremko, mafuta yaliyochoka yanachemka, yanatoa mapovu, na povu linabonyea, halisukumi kitu. Ukisubiri yapoe pedali inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Siku hizi natumia DOT 4 kutoka kopo dogo ninalofungua siku ileile, kinachobaki natupa. Namwaga mafuta yote na kutoa upepo kila miezi sita. Nilibadilisha mipira yote ya breki, pampu kubwa na ndogo, mabomba yote ya chuma, na nikaondoa vile vibati vya kukinga vumbi nyuma ya diski ili hewa ipite. Haya yote yaligharimu pungufu ya robo ya zile pistoni. Jumla ya gharama sitaitaja hapa, mama watoto husoma.

Kunyanyua gari kwa ajili ya mashimo kuna mtego wake. Mikono ya nyuma ya Datsun hii imekaa kimshazari, kwa hiyo gari likishuka matairi yanajikunja kwa ndani juu, na likinyanyuka yanafunguka kwa nje. Nililiinua sentimita saba kwa spring ngumu, nikajiona mjanja, mpaka matairi ya nyuma yakalika upande wa nje kwa mwezi mmoja na krosi za shafti zikaanza kulia. Nikashusha hadi sentimita tatu na nusu, nikafunga shokapu nzuri, na chini ya injini nikaweka sahani ya chuma ya mm 4 yenye tundu la kumwagia oili. Inatosha hata kwa njia ya kupanda milimani Amani.

Kila wiki mtu ananiambia nitoe L16 niweke injini ya Toyota Altezza, spea zake zimejaa. Ni kweli zimejaa. Gari litakimbia, sibishi. Lakini litakuwa Altezza iliyovaa koti la babu yake, na mashindano ya magari ya zamani yanataka injini ya enzi ya gari. Tena gia boksi, difu na breki za 1970 hazikuumbwa kwa nguvu hizo, utajikuta unabadilisha kimoja baada ya kingine mpaka kilichobaki ni nembo.

Isitoshe ungekosa starehe ya kabureta mbili. Kuzisawazisha huhitaji kompyuta. Chukua mpira mwembamba wa mita moja, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, sikiliza mvumo wake. Hamia ya pili. Geuza skrubu mpaka zivume sauti moja. Kabla ya hapo weka sawa nafasi za valvu, injini ikiwa ya baridi: mm 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa moshi. Mimi hufanya hivyo Jumapili alfajiri, kabla ya pikipiki kuamka.

Majaribio usifanyie barabara ya Pongwe, kuna watoto wa shule na bodaboda. Nenda ukaombe ruhusa kwenye shamba la katani, barabara zao za ndani zimenyooka na zina vumbi la kutosha. Kila baada ya kilomita 20 simama, ingia chini na spana, kaza kila boliti. Safari ya kwanza nilikuta tisa zimelegea, ya pili nne. Jumamosi iliyopita ilikuwa moja, ya ekzosti, na kwenye kona ya sakafu ya nyuma, chini ya rangi yote ile, unyoya mmoja wa kuku.