Vanishi inapogeuka nyeupe msimu wa mvua

SWALI: Mimi ni fundi samani hapa Ng'ambo, Tabora. Napulizia meza za mninga kwa vanishi ya nitroselulosi. Kiangazi kazi inatoka safi. Mvua zikianza Novemba, dakika chache baada ya kupulizia meza inaota ukungu mweupe, na thina ni ileile. Mwenzangu ananishauri niongeze petroli. Nifanyeje?

JIBU: Fundi, petroli usiitie hata tone.

Nitroselulosi ni polima, molekuli zake ni minyororo mirefu mno. Minyororo ya namna hiyo haihitaji sababu kubwa kujitenga. Kimiminika kikipungukiwa nguvu ya kuyeyusha kidogo tu, inajikusanya na kutoka. Thina nayo si kitu kimoja. Kwa kawaida mna asetoni na asetati ya butili, zinazoyeyusha kweli, mna alkoholi ya kusaidia, na mna toluini, ambayo peke yake haiyeyushi nitroselulosi, imetiwa kushusha gharama. Huo msaada wa alkoholi usiudharau. Nitroselulosi ya kutengenezea kolodioni, yaani kimiminika kinachokauka kuwa utando angavu, haiyeyuki kwenye etha pekee wala kwenye alkoholi iitwayo ethanoli pekee, ila ukizichanganya inayeyuka vizuri. Ndiyo kolodioni ambayo mpiga picha Mwingereza Frederick Scott Archer aliitangaza kwa kupigia picha za vioo mwaka 1851.

Sasa tazama meza yako. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 tu za Selsiasi, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka, na inapoondoka inabeba joto la utando wa vanishi. Utando unapoa kuliko hewa inayouzunguka. Hewa ya Januari imejaa mvuke, na kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, vanishi inashika umande. Maji yale yanaingia kwenye viyeyusho vilivyobaki, na nitroselulosi na maji havipatani kabisa. Polima inajitenga kwa chembe ndogo ndogo, mwanga unatawanyika, wewe unaona weupe.

Dawa ni kuhakikisha kinachoondoka mwisho ni kiyeyusho cha kweli. Mwombe muuza rangi ritada, yaani thina nzito inayochelewa kukauka. Nyingi zina butoksiethanoli, inayochemka nyuzi 171. Anza na asilimia 5 ya thina yako, upandishe kidogo kidogo, na uvumilie kukauka kutakakochelewa. Pulizia tabaka jembamba, mchana hewa ikiwa kavu, si alfajiri wala mara tu mvua inapokatika. Mbao zianike juani kwanza zishike joto, maana ubao wa moto haushiki umande kirahisi. Lakini jiko la mkaa lisiingie chumba cha kupulizia, nakusihi: mvuke wa asetoni unashika moto hata kwenye baridi kali, na nitroselulosi yenyewe inawaka vibaya sana.

Petroli haiyeyushi nitroselulosi, na sehemu yake nzito hubaki hadi mwisho, ikiifukuza polima hata pasipo unyevu. Thina mbovu hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo pulizia kipande cha kioo saa saba mchana, siku kavu. Kikiwa cheupe, badilisha thina. Kikitoka safi, mkosaji ni unyevu.

Meza zilizokwisha kuota ukungu wa unyevu usizipige msasa. Subiri siku kavu, pulizia ukungu mwepesi wa thina yenye ritada. Utando utalainika upya, maji yatoke, na rangi ya mninga irudi.