Jibu: Mbona bega huteguka kirahisi kuliko nyonga?

Ndugu, umeuliza: kama bega na nyonga ni viungo vya aina moja, mbona bega ndilo linaloteguka zaidi?

Aina ni moja kweli. Mfupa mmoja una kichwa cha mviringo, mwingine una kikombe cha kukipokea. Tofauti iko kwenye kina cha hicho kikombe. Nyongani, kichwa cha mfupa wa paja kimezama hasa na kuzungukwa na kano nene, maana kiungo hicho kinabeba uzito wa mwili. Begani kikombe ni kama kisahani. Kichwa cha mfupa wa mkono kinakaa juu juu tu, na kinachokishikilia zaidi ni misuli na kano. Ndiyo maana mkono unauzungusha karibu kila upande, mguu huwezi. Lakini ukianguka mkono ukiwa umeinuliwa na kugeukia nje, kichwa huchomoka, mara nyingi kuelekea mbele.

Uliposema kiwiko ni bawaba tupu, hapo nakupinga kidogo. Kukunja na kunyoosha, sawa, ni bawaba. Sasa geuza kiganja juu, kisha chini: mfupa mmoja wa kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja) unazunguka kandokando ya mwenzake, na mzunguko huo unaanzia palepale kiwikoni.

Na tafadhali, bega likichomoka msilivute wenyewe. Neva na mishipa ya damu hupita karibu sana hapo. Uegemeze mkono ulivyo, uende hospitali.