Kompyuta haikitambui kipokezi cha redio

Ndugu yangu wa Shela, umeeleza kwamba kipokezi chako cha RTL-SDR (kidude cha USB kinachoiwezesha kompyuta kupokea mawimbi ya redio) kinawaka taa, lakini programu inasisitiza kwamba hakuna kifaa kilichochomekwa. Kwa kadiri ninavyoona, tatizo ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa: chipu yake ya RTL2832U iliundwa kwa ajili ya televisheni ya kidijitali, na mara nyingi Windows huipa draiva ya televisheni, ambayo programu za redio haziwezi kuitumia. Fungua Zadig, programu ya kubadilishia draiva kwenye Windows, iamuru ionyeshe vifaa vyote, uchague “Bulk-In, Interface (Interface 0)”, kisha uweke draiva ya WinUSB. Tafadhali hakikisha kwanza kwamba namba za utambulisho wa kifaa ni 0BDA na 2838 (ndizo za vipokezi vingi vya aina hii), kwa maana ukichagua kipanya au kibodi kwa bahati mbaya, kitaacha kufanya kazi papo hapo. Ukihamia tundu jingine la USB, huenda ukalazimika kurudia hatua hiyo. Kwenye Linux, izuie moduli ya dvb_usb_rtl28xxu, ambayo ndiyo draiva ya televisheni huko, isipakiwe.

Lakini kabla ya yote hayo, kagua waya wa USB na vichwa vyake, kwani hewa yetu ya chumvi haivisamehi. Kichwa cha waya wangu, hapa Malindi, kilishika kutu ndani ambako sikukuona upesi.