Bastola ya kwanza: usichukue ndogo eti kwa sababu mikono yako midogo

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja anayesoma makala zangu. Anatunza wazee zamu za usiku, upande wa Katy hapa Houston. "Shikamoo dada. Nimeona bastola ndogo nzuri, inaenea kwenye pochi, na punguzo ni mpaka Jumamosi. Nichukue hiyo, au nijikaze ninunue bastola kubwa zaidi, Glock 19 kama yako? Maana mikono yangu midogo."

Niliusoma ndani ya gari, nje ya kazini, saa kumi na mbili asubuhi, na kwa muda nikashindwa hata kuwasha gari. "Mikono yangu midogo." Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2021. Yalinigharimu dola mia tatu na kitu, pamoja na karibu mwaka mzima wa kuogopa kitu nilichokinunua kwa jasho langu.

Palepale nilimjibu kwa kifupi: usilipe kwanza. Jibu refu ni hili, na najua mko wengi mnaolihitaji.

Mimi ni mtu wa Tanga. Utotoni bunduki niliyoiona kwa karibu ilikuwa moja tu, gobole la babu kule Handeni, lililotundikwa juu ya mlango wa chumba chake kwa ajili ya nguruwe waliokuwa wakimaliza mihogo. Hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuligusa. Nje ya hapo bunduki ilikuwa kitu cha askari wa benki. Sikuja Marekani nikiwa na ndoto ya kumiliki silaha, niwe mkweli. Lakini mume wangu anaendesha lori, wiki nzima yuko barabarani, na mimi natoka kazini usiku wa manane. Usiku mmoja mtu alinifuata toka mlangoni mpaka kwenye gari, akagonga kioo, akajaribu kitasa. Niliondoka kwa kasi hadi nikapanda ukingo wa njia. Nilipofika nyumbani nilikaa sakafuni jikoni na sare yangu, binti yangu wa miaka sita amelala chumbani, nikaamua.

Ilikuwa Septemba 2021. Mwezi huo sheria mpya ya Texas ilikuwa imeanza kazi, inayomruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, asiye na katazo la kisheria, kubeba bastola bila leseni. Kazini kila mtu aligeuka mtaalamu. Nikaenda dukani.

Yule muuzaji hakuniuliza kama nimewahi kufyatua risasi. Hakuniuliza bastola ni ya kubeba au ya kuweka nyumbani. Aliangalia mkono wangu, akatabasamu, akatoa kisanduku chenye bastola ya .380 (hicho ni kipimo cha risasi) yenye mpini wa zambarau, akasema hii ndiyo ya akina mama: nyepesi, ndogo, haisumbui. Mume wangu hakuwepo, mimi nilikuwa na aibu ya kuuliza maswali ya kijinga mbele ya wanaume watatu waliosimama pale, nikalipa. Mpaka leo tabasamu lile linaniuma. Nilimwamini kwa sababu aliongea kwa upole.

Wiki iliyofuata nikaenda uwanja wa shabaha peke yangu. Risasi ya kwanza ilinipiga teke kwenye kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada, nikadhani nimejikata. Ya pili nilifumba macho. Ya tatu ganda lilikwama, kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele kikabaki nusu wazi, nami nilikivuta kwa shida. Mwanamume wa kibanda cha jirani alicheka. Hakuwa na nia mbaya labda, lakini alicheka. Nilipiga risasi tisa tu kati ya hamsini nilizonunua, nikafunga mfuko nikaenda zangu.

Jambo ambalo muuzaji alitakiwa kuniambia ni rahisi hata kwa mtoto. Risasi inapokwenda mbele, msukumo wake unarudi nyuma. Bastola yenye uzito huumeza sehemu kubwa ya msukumo huo. Nyepesi inakukabidhi wewe. Mpini mfupi hauachi nafasi ya kidole cha mwisho, kwa hiyo unaishika kwa vidole viwili na nusu. Na kwa kuwa chuma cha juu ni chepesi, mara nyingi springi huwekwa ngumu, hivyo kuikoki, yaani kurudisha chuma hicho nyuma ili risasi iingie, ni kazi. Ukiishika kwa ulegevu, kama anavyoshika kila anayeogopa, chuma hakirudi sawasawa na ganda linakwama. Yaani bastola ndogo kabisa ni ya mtu ambaye tayari anajua. Tunaoanza tunauziwa sisi.

Sasa nifike pale ninapoona aibu zaidi. Baada ya siku ile niliiweka juu ya kabati, ndani ya sanduku la viatu, ikiwa na risasi. Nilijiambia juu kule mtoto hafiki. Miezi mitatu baadaye nilikuwa namsuka nywele binti yangu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, kile cheusi na zambarau kwenye sanduku la viatu ni cha kuchezea?"

Nilimaliza kusuka. Sikumfokea. Nilimwambia si cha kuchezea na kwamba amefanya vizuri kuniambia. Kisha nikajifungia bafuni nikalia hadi kooni kukakauka. Alikuwa amepanda kiti akakitoa, akakiangalia, akakirudisha. Mungu alimlinda, mimi sikumlinda. Hapa Texas kumwachia mtoto aliye chini ya miaka 17 silaha yenye risasi mahali anapoweza kuifikia ni kosa la jinai, lakini siku ile sikuwaza polisi. Kesho yake nilinunua kisanduku cha chuma chenye vitufe vya namba, nikakifunga kwa skrubu kwenye kitanda. Kinafunguka kwa sekunde mbili gizani nikivijua vitufe vyangu, na mtoto hakifungui. Kama huna pesa ya bastola na kisanduku kwa pamoja, nunua kisanduku, bastola isubiri. Na kama nyumbani kuna mtu ambaye siku hizi moyo umemwelemea, anayezungumza kuhusu kufa au aliyenyamaza kupita kawaida, usilete silaha kabisa. Hilo siwezi kubishana na mtu.

Kilichonitoa pale nilipokuwa ni mwanamama mmoja Mmarekani mweusi, mwanajeshi mstaafu, anayefundisha wanawake Jumamosi asubuhi. Siku ya kwanza hakunipa risasi hata moja. Alinipa bastola tano za kukodi, moja baada ya nyingine, tukazikagua pamoja kuwa hazina kitu, kisha akanifundisha mkono unavyochagua. Unashika mpini juu kabisa unapoweza. Mtutu unyooke sawa na mfupa wa mkono wako, usipinde kifundo. Sasa weka kidole kwenye kifyatulio: ile nyama laini ya ncha ya kidole ifike bila wewe kuzungusha mkono. Vidole vitatu vilivyobaki vyote vipate pa kukaa. Halafu koki mara kumi mfululizo. Si kwa kuvuta chuma nyuma kama mtu anayefungua chupa ya jamu. Mkono wa kushoto unakamata chuma, wa kulia unasukuma mpini mbele, vyote viwili karibu na kifua. Siku hiyo nilikoki Glock 19 niliyokuwa nikiiona kama ya mapolisi, na haikunishinda. Ile ya zambarau ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote tano.

Mikono yangu haikuwa midogo. Ilikuwa haijafundishwa.

Basi nikaanza kukodi. Nilipiga Glock 19, M&P 9 M2.0 Compact ya Smith & Wesson, CZ P-10 C inayotoka Jamhuri ya Czech, na SIG P365. Zote nne ni za risasi ya milimita 9, na tatu za kwanza zinalingana karibu kila kitu: mtutu wa takriban inchi 4 na magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ya risasi 15. Wanaume mitandaoni wanapigana usiku kucha kuhusu ipi bora kati ya hizo. Kwa mtu anayeanza, bora ni ile inayokaa mkononi mwake. M&P inakuja na vipande vinne vya kubadilisha unene wa mpini, jambo zuri kwetu. Kifyatulio cha CZ nilikipenda. Glock nilichagua kwa sababu kila niliponyanyua mikono na kufumbua macho, alama za kulengea zilikuwa tayari ziko mahali pake, na kwa sababu vipuri, magazini na ala zake zinapatikana kila kona. Glock 19 imekuwepo tangu 1988. Gaston Glock mwenyewe, yule mhandisi wa Austria, alikuwa akitengeneza vyuma vya mapazia na visu kabla ya kuuzia jeshi la nchi yake bastola yake ya kwanza.

P365 siisemi vibaya. Ilipotoka mwaka 2018 watu walishangaa namna risasi 10 za milimita 9 zilivyoenea kwenye kitu cha inchi 3 za mtutu na uzito wa nusu kilo. Mtu anayevaa nguo nyepesi na anayebeba kila siku ataipenda. Lakini Glock 19 ina gramu kama 670 na magazini tupu, na zile gramu mia na zaidi ndizo zilizoniwezesha kupiga risasi 100 kwa Jumamosi moja bila mkono kutetemeka. Na jiulize unabeba wapi hasa. Mwajiri wangu hakubali silaha ndani ya jengo, na wengi wenu mnaotunza wagonjwa mko hivyo hivyo. Sare yetu ina lastiki kiunoni, haishiki hata ala. Nikiwa kazini, yangu inalala ndani ya kisanduku kingine kilichofungwa kwa waya wa chuma garini. Kwa hiyo udogo nilioulipia mwanzo sikuutumia hata siku moja! Na kwenye pochi usiweke kamwe: pamoja na funguo, lipstiki na kalamu, bila ala inayofunika kifyatulio, ni hatari tupu, na pochi ndicho kitu cha kwanza mwizi anachonyakua.

Aliye na mikono inayouma kweli, kama shangazi yangu mwenye baridi yabisi, aangalie M&P Shield EZ. Ina springi laini ya kukoki na magazini yake inajazwa kwa urahisi. Shangazi aliikoki akiwa anaongea na simu.

Makaratasi nayapitia haraka, lakini sisi wageni msiyapuuze. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu kwa anayenunua silaha, na rekodi zako zitakaguliwa. Bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni kuanzia miaka 21. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Aliye na viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Anayevuta bangi, hata kama jimbo lake limehalalisha, fomu ya serikali kuu inamkataa. Na tafadhali, binamu asiye na karatasi akikwambia "ninunulie kwa jina lako nitakurudishia pesa", kataa hata akinuna hadi Iddi ijayo. Ni kosa la serikali kuu na litakufunga wewe. Jambo la mwisho hapa: ukisafiri kwenda nyumbani, kung'uta kila mfuko wa begi. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mkoba inatosha kukulaza mahabusu.

Mwezi uliopita nilifanya mtihani wa leseni ya Texas ya kubeba bastola. Leseni siyo lazima tena ili ubebe, lakini majimbo mengine yanaitambua, na nilitaka kujua niko wapi. Ni risasi 50: 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7, 10 kwa yadi 15. Alama zote ni 250, kufaulu ni 175. Nilipata 243. Mwalimu wangu alikunja ile karatasi ya shabaha akanikabidhi kama anayenipa cheti, na nimeitundika ndani ya mlango wa kabati, pale pale juu palipokuwa na sanduku la viatu.

Sikufika hapo kwa kununua vitu. Nilifyatua bila risasi dakika kumi kila usiku, chumba kimoja, ukuta mmoja, risasi zote zikiwa chumba kingine. Nilipiga milimita 9 za mazoezi za bei nafuu, nikaziweka za kujilinda, zenye tundu kichwani, kwa ajili ya nyumbani. Nilijizuia kila siku kuweka kidole kwenye kifyatulio kabla macho hayajaona shabaha. Dada zangu, kaka zangu, msimwache mtu wa kaunta awachagulie kitu kitakachokaa chumba kimoja na watoto wenu. Shikeni, kodini, pigeni, rudini tena wiki nyingine, ndipo mtoe kadi. Mkiona aibu kuuliza, ulizeni na aibu yenu hivyo hivyo.

Mdogo wangu wa Katy, acha punguzo lipite. Jumamosi saa tatu asubuhi nakupitia, kukodi nalipa mimi, tutaanza na hizo nne. Vaa viatu vya kufunika na blauzi inayobana shingoni, maana maganda yanaruka yakiwa ya moto.