Ukaguzi wa Nyumba: Gonga Kwanza, Fomu Baadaye

Fomu ya kukagulia nyumba hujazwa kwa nusu saa. Ukuta mzuri, paa zuri, umeme unawaka. Tatizo ni kwamba anayeuza nyumba Dar es Salaam au Tanga hupaka rangi kwanza, na chini ya rangi mpya macho hayaoni kitu. Hapo zinatakiwa kiganja, nyundo, bisibisi na pua, navyo hujua kazi kwa kurudia tu.

Kwa anayeanza, shule nzuri kuliko zote ni nyumba inayokarabatiwa. Omba fundi akuache uingie kabla hajabomoa. Gonga, gusa, kisha andika kwa penseli palepale ukutani unachodhani kipo chini ya lipu. Fundi akishabomoa, linganisha. Sikio lifundishe kwa kitu kizima kabla ya kibovu: gonga kwa mpini wa bisibisi kigae unachojua kimeshika, usikie mlio mfupi, mkavu. Kilichoachia sakafu hulia kama debe tupu. Ukianza na kibovu, huna cha kukilinganisha nacho.

Zege la pwani ndilo linalodai mazoezi zaidi. Chumvi ya hewani, au ya mchanga wa baharini aliotumia fundi mwenye haraka, hufika kwenye nondo, nondo inapata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Zege linasukumwa kutoka ndani mpaka linabanduka. Dalili ya mapema ni ufa mwembamba ulionyooka kufuata nondo, mara nyingi wenye doa la kahawia, chini ya slabu ya kibaraza au kwenye nguzo. Tumia nyundo ndogo, gonga kila baada ya sentimita 20 hivi. Wengi hugonga katikati ya nguzo wakaridhika, kumbe kona ndizo hutangulia kuachia kwa sababu chumvi inaziingia kutoka pande mbili.

Unyevu upime kwa mgongo wa mkono, ambao hutambua ubaridi upesi. Gusa sentimita 10 kutoka sakafuni, halafu usawa wa kifua. Ukuta ukiwa wa baridi chini na mkavu juu, maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Kwa kawaida hayavuki mita moja na kitu. Doa lililo peke yake juu ya hapo ni la bomba au la paa. Lipu mpya iliyoishia usawa wa kiuno, huku ya juu ni ya zamani, huenda inaficha unyevu huo: ijadili na muuzaji kabla ya bei. Kabati lililobanwa ukutani liombe lisogezwe, unuse nyuma yake.

Nyufa ndogo zilizosambaa kama utando wa buibui ni lipu iliyokauka haraka bila kumwagiwa maji. Hizo ni sura tu. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha, mpana upande mmoja, mara nyingi ni msingi unaotitia. Kama unaendelea, huwezi kujua kwa siku moja: weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, urudi baada ya masika. Isipokuwa uliwahi kuzibwa na ukapasuka tena juu ya kiraka, huo umeshajibu.

Darini panda saa 6 mchana, ukanyage mbao, si jipsamu. Zima tochi, subiri dakika 3 macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Angalia misumari: iliyopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni huvuja, maana maji yanapita hapohapo. Chomeka bisibisi kwenye ncha za kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zinapokaa ukutani. Ikizama bila nguvu, mchwa wameshakula au mbao imeoza, hata kama uso wa mbao ni mzuri.

Maji: funga bomba zote, tazama mita. Kigurudumu kidogo kikizunguka, kuna mahali maji yanavuja. Funua chemba, mtu avute maji chooni mara 3 mfululizo. Maji yakipanda badala ya kupita, bomba limeziba au limelazwa bila mteremko. Bomba la inchi 4 lataka kama sentimita 2.5 kwa kila mita.

Umeme: bonyeza kitufe cha T (cha kujaribia) cha swichi ya usalama, ile inayokata umeme ukivuja, ikate papo hapo. Zima kila kitu. Taa ya mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ikiendelea kupepesa, kuna mahali umeme unaenda. Usifungue boksi lenyewe. Hata ukizima swichi kuu, waya unaoiingilia bado una moto.

Nyumba ya vyumba vitatu ipe muda wa saa tatu nzima, ikiwezekana siku inayofuata mvua. Na mwenye nyumba akikataa kusogeza lile kabati, andika hivyohivyo kwenye ripoti: ukuta wa nyuma ya kabati haukukaguliwa.