Maswali na Majibu: Kikao cha Biblia Kinachoenda Mbele

Seli yetu (kikundi kidogo cha kanisa cha kusoma Biblia) hapa Igoma, Mwanza, ina watu 19, lakini wanaoongea ni walewale wanne. Tufanyeje?

Gawaneni. Wakizidi 12, hiyo ni ibada ndogo, si mjadala. Wala hamhitaji nyumba ya pili: kundi moja libaki sebuleni, lingine litoke uani, kisha mkutane kwa maombi. Viti viwekwe duara. Vyote vikielekea kwa kiongozi, watu hukaa kusubiri mahubiri. Tena kabla ya jibu la kwanza, wapeni dakika mbili za kimya, Biblia ikiwa wazi. Mwenye haya mara nyingi anataka tu muda wa kupanga la kusema.

Kila somo letu linaishia "tumejifunza kuwa na imani". Tunakosea wapi?

Mnakimbilia fundisho kabla ya kuona kilichoandikwa. Chukueni Marko 4:35–41, mistari saba tu. Isomwe mara mbili kwa sauti, na wasomaji tofauti. Hapo dakika tano zimekwisha. Dakika 20 zinazofuata ni za kutaja kilichomo, bila kufafanua. Ni jioni. Kuna vyombo vingine vinavyoandamana na Yesu na wanafunzi wake. Mawimbi yanaingia, chombo kinajaa maji, na Yesu amelala upande wa nyuma, kichwa juu ya mto. Sasa angalieni: Marko anataja hofu "kuu" ya wanafunzi baada ya Yesu kulituliza ziwa. Kwa nini shwari iwatishe hivyo watu waliotoka kuponea chupuchupu? Swali la namna hiyo hulipati ukianza na "imani".

Bahari ya Galilaya yenyewe ni ziwa la maji baridi, urefu wake kama kilomita 21. Mvuvi wa Kirumba hapa Mwanza ana mengi ya kusema hapa kuliko mwenye cheti cha theolojia, basi aulizwe mtumbwi ukijaa maji usiku watu hufanya nini.

Dakika 20 nyingine ni za maana, 15 za matendo, 10 za maombi. Kwenye matendo msikubali "nitaomba zaidi". "Jumatano nitampigia ndugu yangu tuliyegombana", hilo linafuatilika wiki ijayo. Na kiongozi aache maswali ya "je, tunapaswa kumwamini Yesu?" Watu wataitikia "ndiyo", kisha kimya.

Mzee mmoja wa kanisa hugeuza kila swali kuwa mahubiri. Tunamheshimu, hatuwezi kumkatiza.

Wala msimkatize mbele ya watu. Kiongozi amwone pembeni siku moja kabla: "Mzee, naomba leo vijana waanze, wewe utufungie kwa dakika tatu." Wazee wengi hulipokea hilo vizuri, maana wamepewa kazi. Akihamia kifungu kingine, aulizwe kwa adabu tunalionaje hilo katika kifungu cha leo. Akishikilia Yeremia 29:11, ile ahadi ya mawazo ya amani na tumaini, someni na mstari wa 10: barua ile iliandikiwa mateka wa Babeli, na waliambiwa watarudishwa kwao baada ya miaka 70. Ahadi inabaki, ila haitasomwa tena kama tangazo la wiki hii.

Wengine tuna Biblia ya Union, wengine Habari Njema. Tushike tafsiri ipi?

Zote. Habari Njema kwanza, mpate mtiririko. Union ya 1952 baadaye, kwa kuchunguza. Zikitofautiana, andikeni swali mmpelekee mchungaji. Msiteketeze nusu saa hapo.

Nusu ya wanakundi ni wavuvi wa dagaa. Mwezi mmoja wapo, mwingine hawapo.

Ratiba yenu ifuate mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mitumbwi hupumzika. Siku hizo wekeni vikao vinne vya karibukaribu na mmalize kitabu kifupi kizima: Filipi ina sura nne, kikao kimoja sura moja. Wakati wa giza, waliobaki nchi kavu wasome zaburi moja moja, ili anayerudi asikute ameachwa katikati ya kitabu. Wachuuzi wanaowahi mwaloni (soko la samaki ufukweni) alfajiri msiwawekee kikao cha saa tatu usiku. Watasinzia, na hiyo si dhambi yao.